Uliza aliyekutangulia yuko wapi

Nyie mnaomaliza UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, na kuomba kazi kwenye kampuni zinazohudumia migodi hapa Lubumbashi: bosi akisema "utapanda haraka", muulize kwa heshima, "Aliyekuwa kwenye nafasi hii kabla yangu yuko wapi sasa?" Ahadi ni ya kesho, lakini njia aliyopita mwenzako imeshaonekana. Alipandishwa? Vizuri. Ni mstajeri mwingine, yaani mtu wa mafunzo ya kazi, aliyerudishwa nyumbani bila mkataba? Basi ingia kwa ajili ya cheti na uzoefu, na uendelee kupeleka barua kwingine. Sentineli (mlinzi) wa getini naye muulize, mara nyingi ndiye anayejua ukweli. Kwa nafasi mpya kabisa swali hili halisaidii. Hapo angalia muda wa majaribio kwenye mkataba, kisheria hauzidi miezi 6.