Docker Ikikataa Kuanza Ndani ya Mashine Pepe ya Linux

Vijana wengi wa Nairobi wanaojifunza kazi ya seva hutumia laptopu moja yenye Windows, huku Ubuntu ikiwa ndani ya VirtualBox (programu ya mashine pepe, yaani kompyuta ndani ya kompyuta) au WSL 2 (njia ya Windows ya kuendesha Linux ndani yake) na Docker, programu ya kuendesha programu nyingine ndani ya vifurushi vilivyotengwa viitwavyo kontena, ikiwa ndani ya Ubuntu hiyo. Docker inapokataa kuanza, wengi hukimbilia kuiondoa na kuisakinisha upya. Nawasihi wasianzie hapo, kwa kuwa kupakua upya humaliza bando, na anayefuta saraka ya /var/lib/docker akidhani anasafisha hupoteza kontena pamoja na data zake. Mwanafunzi mmoja niliyemsaidia alipoteza hivyo hifadhidata nzima ya mradi wake, ilhali kosa lilikuwa alama ya mkato (,) iliyozidi katika faili moja.

Anza kwa kusoma. Amri ya `systemctl status docker` huonyesha kwamba huduma imeanguka, pamoja na mistari michache tu ya mwisho ya kumbukumbu zake. Sababu yenyewe kwa kawaida imo katika kumbukumbu kamili, utakazozisoma kwa `journalctl -u docker -b --no-pager`. Systemd, programu ya Linux inayoanzisha na kusimamia huduma, hujaribu kuanzisha Docker mara kadhaa, kisha huacha na kuandika kwamba ombi limerudiwa haraka mno. Mstari huo ndio watu hunakili wanapoomba msaada, ingawa hauelezi chochote. Panda juu hadi jaribio la kwanza, na hapo ndipo utakapolikuta kosa la kweli. Ukisharekebisha, toa amri ya `sudo systemctl reset-failed docker` kabla ya kuanzisha tena.

Kosa likihusu mipangilio, kagua /etc/docker/daemon.json kwa `sudo dockerd --validate`. Kumbuka pia kwamba ukiandika "hosts" (anwani ambazo Docker husikiliza) ndani ya faili hilo wakati faili la huduma la systemd tayari lina `-H fd://`, ambayo hupanga jambo hilohilo, Docker haitaanza, hata kama kila alama iko mahali pake.

Kosa likitaja overlay (mfumo wa faili ambao Docker hutumia) au iptables (kanuni za mtandao za Linux), uliza kwanza uko ndani ya nini, kwa amri ya `systemd-detect-virt`. Jibu likiwa `kvm` au `oracle`, ambalo ndilo la VirtualBox, mashine yako ina kerneli yake, yaani kiini chake cha mfumo. Linganisha `uname -r` na majina yaliyomo katika /lib/modules, kwani baada ya masasisho huenda moduli (vipande vya ziada) za kerneli inayotumika zimeondolewa, na dawa ni kuwasha mashine upya. Likiwa `lxc` au `openvz`, kama ilivyo kwa baadhi ya seva za kukodi za bei nafuu, unatumia kerneli ya mwenyeji, yaani mwenye seva, na moduli zinazokosekana ni yeye pekee awezaye kuziruhusu. Usipoteze siku nzima ukihangaika upande wako. Likiwa `wsl`, hakikisha /etc/wsl.conf ina `systemd=true` chini ya `[boot]`, kisha utoe `wsl --shutdown` upande wa Windows.

Mwisho kagua diski kwa `df -h` (nafasi iliyobaki) na `df -i` (idadi ya faili inayoweza kuongezwa), maana diski pepe hutengwa ndogo na hujaa upesi. Ikiwa imejaa, Docker haiwezi kujisafisha kwa sababu haijaanza; punguza kwanza mizigo mingine kwa `sudo apt clean` na `sudo journalctl --vacuum-size=200M`, ianzishe, ndipo utumie `docker image prune`, ambayo huondoa picha (image, violezo ambavyo kontena huundwa kwavyo) zisizo na jina wala kontena inayozitumia, na haigusi data yako.