Kabla hujalipia kozi ya kufundisha Kiingereza ng'ambo

Wengi huanzia mkiani. Mtu anaona tangazo la kozi ya TEFL, yaani ya kufundisha Kiingereza kwa wageni wa lugha hiyo, ya saa 120 kwa bei ya ofa, analipa jioni ile ile kwa simu, baada ya wiki mbili anapakua cheti chenye nembo ya dhahabu, halafu ndipo anauliza: sasa nitafundisha wapi? Ushauri wangu ni kugeuza mpangilio. Chagua nchi kwanza. Soma masharti ya viza ya nchi hiyo kwa mtu mwenye pasipoti kama yako. Ukishajua mlango ni upi, ndipo ununue ufunguo.

Nasema "pasipoti kama yako" kwa sababu hapo ndipo wengi wetu tunapoumia. Korea Kusini ina viza ya walimu wa lugha iitwayo E-2, na kwa Kiingereza imewekewa orodha ya nchi saba: Marekani, Kanada, Uingereza, Ayalandi, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Kenya haimo. Uganda haimo. Uwe ulisoma kwa Kiingereza tangu chekechea, uwe unaota kwa Kiingereza, afisa wa viza haangalii hayo, anaangalia jalada la pasipoti. Mtu asikuuzie kozi kwa kukuonyesha picha za Seoul.

China nayo kanuni yake ya msingi ni kwamba mwalimu wa lugha ya kigeni atoke nchi ambako lugha hiyo ni ya kwanza, awe na shahada, na awe na uzoefu wa miaka miwili, ingawa mwenye shahada ya ualimu au cheti cha kufundisha lugha kinachotambulika husamehewa ile miaka miwili. Wapo ndugu zetu wanaofundisha kule, na baadhi yao wamo kihalali, wanafundisha masomo mengine au wamesomea nchi zinazokubalika. Lakini wapo pia wanaofundisha kwa viza ya masomo au ya biashara kwa sababu wakala aliwaambia "utabadilisha ukifika". Sheria ya China ya uingiaji na utokaji inamtoza anayefanya kazi bila kibali faini ya yuan 5,000 hadi 20,000, na kosa likionekana zito anawekwa ndani siku 5 hadi 15, kisha anaweza kurudishwa kwao. Aliyekuambia utabadilisha ukifika hatakuwepo siku hiyo. Na wanaotaka kubaki nyumbani wafundishe watoto wa Kichina kwa intaneti, wajue kwamba mlango ule ulifungwa Julai 2021, serikali ya China ilipobana masomo ya ziada na kukataza kampuni zake kuajiri walimu walio nje ya nchi kwa kazi hiyo.

Thailand na Vietnam ndiko Waafrika Mashariki wengi wanakoangalia, na kuna sababu. Milango yao haifungwi na pasipoti peke yake. Thailand inataka shahada, na kwa asiyetoka zile nchi za Kiingereza huombwa matokeo ya mtihani wa lugha kama TOEIC au IELTS. Vietnam inataka shahada, cheti cha kufundisha, cheti cha polisi na uchunguzi wa afya kabla ya kukupa kibali cha kazi. Ghuba ni habari nyingine kabisa: shule nzuri za Imarati, Qatar au Oman zinatafuta mwalimu aliyesomea ualimu na kufundisha darasani miaka kadhaa. Mwenye shahada ya elimu na namba ya TSC, tume inayosajili walimu Kenya, ana nafasi kule kuliko mwenye vyeti vitatu vya TEFL alivyovipata kitandani.

Kuna mlango mmoja ambao walimu wetu wa Kiingereza huusahau. Mpango wa Fulbright wa wasaidizi wa kufundisha lugha, FLTA, huwachukua walimu wa Kiingereza kutoka Kenya na Tanzania kwa mwaka mmoja wa masomo katika vyuo vikuu vya Marekani. Wakifika wanafundisha Kiswahili. Unakwenda ukiwa mwalimu wa Kiingereza, unaingia darasani kueleza ngeli ya KI-VI kwa vijana wa Kimarekani, na hapo ndipo unajua kama kweli unaweza kufundisha lugha.

Sasa cheti chenyewe. TEFL si jina la cheti kimoja. Ni jina la kazi, yaani kufundisha Kiingereza kama lugha ya kigeni, na yeyote mwenye tovuti anaweza kuuza cheti chenye neno hilo. Hakuna ofisi moja ya dunia inayovipima vyote. Viwili ambavyo waajiri wanavijua bila kuuliza ni CELTA, kinachotolewa na Cambridge, na CertTESOL cha Trinity College London. Ukoo wa CELTA unaanzia London mwaka 1962, pale John na Brita Haycraft walipoanza kozi fupi ya kuwaandaa walimu wa shule yao ya lugha. Kozi ya kutwa huchukua wiki nne au tano, na bei yake inapita pauni 1,000 mahali pengi. Ni hela. Lakini angalia kilichomo: saa sita za kufundisha wanafunzi halisi, watu wazima waliokuja kujifunza, huku mkufunzi amekaa nyuma na kalamu. Hicho ndicho kozi ya dola chache za mtandaoni haina. Kama mfuko hauruhusu, tafuta ya mtandaoni yenye angalau saa kadhaa za kufundisha kwa kutazamwa, na kabla ya kulipa waandikie waajiri wawili watatu wa nchi uliyoichagua, uwaulize kama wanaikubali. Watu wanaogopa kuuliza. Barua pepe haina nauli.

Nitakueleza yaliyonikuta katika saa zangu sita, maana hapo ndipo nilipoacha kuringa. Mimi nilikuwa nimefundisha shule ya upili miaka minne. Somo langu la kwanza lilikuwa tofauti ya "I lived in Mombasa for ten years" na "I have lived in Mombasa for ten years". Nikaeleza vizuri, kwa sauti ya kutosha, nikajaza ubao, kisha nikageuka na kuuliza kama tunavyouliza kwetu: mmeelewa? Wakatikisa vichwa wote. Mkufunzi akaandika kitu. Baada ya somo akanionyesha karatasi yake: katika dakika arobaini, mimi nilikuwa nimesema thelathini na moja. Wanafunzi kumi na wawili waligawana tisa.

"Mmeelewa?" si swali, akaniambia. Nani atasema hapana mbele ya wenzake? Sisi tuliolelewa na "tumeelewana?" na "ndiyooo mwalimu!" tunalijua hilo, tunajifanya hatulijui. Siku ya pili nilichora mstari ubaoni, nikaweka alama ya mwaka niliohamia Mombasa na alama ya leo, nikauliza maswali mafupi. Nilianza kuishi pale zamani? Ndiyo. Bado naishi pale? Katika sentensi ya kwanza, hapana. Katika ya pili, ndiyo. Mama mmoja aliyejibu vibaya akajisahihisha mwenyewe kwa kuangalia ule mstari. Maswali ya namna hiyo yaandae nyumbani, uyaandike, kwa sababu hayaji yenyewe ukiwa umesimama mbele ya watu.

Usichukulie kwamba Kiingereza chako ni tatizo. Wewe ulijifunza hiki Kiingereza kwa jasho, unazijua nyakati kwa majina, unaweza kumwambia mwanafunzi kwa nini. Mzawa wa Manchester mara nyingi atasema tu "ndivyo inavyosikika". Ila kuna mambo yetu ya kusafisha mapema. Kiswahili kina vokali tano. Kiingereza cha vitabuni kina sauti za vokali zipatazo ishirini, na nyingi kati yake sisi tunazibana kwenye zile tano. Ship na sheep zinatoka sawa, bad na bird karibu zinafanana. Jifunze ile chati ya sauti 44, uibandike jikoni. Kingine ni zile tafsiri za moja kwa moja ambazo hatuzisikii tena. Mtoto amelala, nasi tunasema "she has slept", wakati bado anakoroma. Kiambishi chetu -me- kinabeba kitendo na hali yake. Kiingereza kinavitenganisha, na mwanafunzi wako wa Hanoi atabeba kosa lako lilivyo, aende nalo kwenye mtihani.

Kuhusu mitihani: matokeo ya IELTS na TOEFL huhesabiwa kuwa hai miaka miwili tu. Ukifanya mapema mno, yatakufa kabla ya viza. Vyeti vya Cambridge vya C1 na C2, ngazi mbili za juu kabisa za lugha, havina tarehe ya kuisha, kwa hiyo mtu ambaye bado anajipanga polepole afikirie njia hiyo.

Halafu karatasi. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo safari yangu ilipokwama miezi mitatu. Cheti changu cha kuzaliwa kimeandikwa Hadija. Cha kidato cha nne, mwalimu aliyejaza fomu aliongeza K, nikawa Khadija. Chuo kikuu kikafuata cha kidato cha nne, pasipoti ikafuata cheti cha kuzaliwa. Maisha yote hakuna aliyejali. Ofisi ya kibali cha kazi Vietnam ilijali. Kwao Hadija ni mtu mmoja na Khadija ni mtu mwingine, na shahada ilikuwa ya huyo mwingine. Hati ya kiapo mbele ya wakili ilisaidia, lakini nayo ilibidi ithibitishwe na kutafsiriwa kama zile nyingine. Toa vyeti vyako vyote leo, uvipange mezani, usome jina herufi kwa herufi, na tarehe ya kuzaliwa. Kosa likiwepo, lirekebishe kabla hujaomba kazi yoyote.

Uthibitisho wa hati una njia mbili. Nchi zilizo katika mkataba wa Hague wa 1961 zinatumia muhuri mmoja, apostille. Burundi imo, Rwanda ilianza kuutumia 2024, China ilianza Novemba 2023. Hati ikitoka na kwenda baina ya nchi za mkataba huo, muhuri mmoja unatosha. Vinginevyo ni ule mnyororo: wizara ya mambo ya nje ya kwenu, kisha ubalozi wa nchi unakokwenda, kila mmoja na ada yake. Uliza wizara ya kwenu hati zako zinapita njia ipi, na uulize ubalozi uko wapi. Ule niliouhitaji mimi ulikuwa Dar es Salaam, kwa hiyo shahada yangu ilipanda basi la Mombasa, ikavuka Lunga Lunga bila mimi, nami nikakaa siku tisa nikimpigia dereva. Cheti cha tabia njema, kile cha polisi, kiombe mwisho, si mwanzo. Waajiri wengi hawakitaki kikiwa na zaidi ya miezi sita.

Mawakala sasa. Wapo waaminifu, na kwa kawaida wakala analipwa na shule, si na mwalimu. Anayekutaka ada ya "kushikilia nafasi" mkimbie. Kwa Kenya, wakala anatakiwa awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Litafute jina lake kwenye orodha yao wewe mwenyewe, usiridhike na picha ya cheti aliyokutumia. Wakenya na Waganda waliookolewa kwenye kambi za utapeli wa mtandaoni huko Myanmar wengi walikuwa wameahidiwa kazi nzuri Thailand. Kwa hiyo shule iliyokuajiri itafute kwenye ramani, ipige simu kwa namba uliyoitafuta mwenyewe, omba kuzungumza na mwalimu mgeni aliyepo sasa. Shule halisi haitakataa. Na tiketi ikisema Bangkok lakini gari la kukupokea linaelekea mpakani, shuka mahali penye watu.

Mkataba usome ukiwa umekaa. "Saa 20 za kufundisha" si sawa na "saa 20 za kazi". Uliza kama kukaa ofisini na kusahihisha vimo. Uliza nani analipia kibali, nani analipia nyumba, ukiondoka mapema unakatwa nini, na pasipoti inakaa kwa nani. Jibu la swali la mwisho ni moja tu: kwako. Kuhusu fedha, mshahara wa kwanza huja mwisho wa mwezi, wakati mwingine mwezi wa pili, na mwenye nyumba anataka amana siku ya kwanza. Miezi miwili ya kujitegemea ndicho kiwango changu cha chini, na tiketi ya kurudi au bei yake, mahali ambapo hutaigusa.

Mkobani, hati za asili zikae kwenye begi unalopanda nalo ndegeni, kamwe si kwenye sanduku linalokwenda chini. Picha za pasipoti, kumi. Nguo za heshima, viatu vya kusimama kutwa. Na ongeza kitu kimoja ambacho hakuna orodha ya ubalozi iliyonitajia: sarafu za nyumbani. Zile za Kenya zilizotoka 2018 zina twiga kwenye shilingi moja, kifaru kwenye tano, simba kwenye kumi na ndovu kwenye ishirini. Somo langu la kwanza Hanoi nilizigawa mezani, watoto thelathini na tano wakanyamaza, kisha mmoja wa nyuma akainua mkono na shilingi yake. "Teacher," akasema, "there is a long horse."

Nilipata somo la dakika arobaini, na nilizungumza kama nane.