Namna ya Kupima Ushirikiano wa Mapafu na Moyo kwa Saa na Vidole Viwili

Zoezi hili hufanywa na wanafunzi wawili wawili, hata katika skuli isiyo na maabara, kwa kuwa linahitaji daftari, saa yenye mshale wa sekunde na ngazi tu; walioko mjini Unguja wanaweza kutumia ngazi za majumba ya Michenzani. Mwenye pumu au maradhi ya moyo asipande, bali awe mhesabuji.

Mpimwaji akae kitako kwa dakika 5 bila ya kuzungumza. Mwenzake amwekee ncha za vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, ahesabu mapigo kwa sekunde 30, kisha azidishe kwa 2. Asitumie gumba lake, kwani nalo lina mshipa unaopwita. Akiendelea kushika mkono huohuo, ahesabu kimyakimya kifua kinavyopanda kwa dakika nzima, maana anayejua kuwa pumzi zake zinahesabiwa hubadilisha upumuaji wake. Mtu mzima aliyetulia huwa na mapigo 60 hadi 100 na pumzi 12 hadi 20 kwa dakika.

Baadaye mpimwaji apande na kushuka ngazi kwa dakika 3, apimwe papo hapo, kisha arudiwe kupimwa mpaka hesabu zikaribie zile za mwanzo. Muda huo wa kurudi ndio ninaouthamini kuliko hesabu nyengine zote, kwa sababu ndio unaoonesha mwili ukijirudisha kwenye mizani yake.

Misuli inapofanya kazi humwaga kabonidayoksaidi katika damu, na hewa hiyo ikizidi damu huongezeka asidi, ilhali mwili huilinda pH ya damu, yaani kipimo cha asidi yake, baina ya 7.35 na 7.45. Shina la ubongo huhisi badiliko hilo, likaharakisha kiwambo, yaani msuli ulio chini ya mapafu, na misuli ya mbavu, huku moyo, ambao wakati wa utulivu husukuma takriban lita 5 kwa dakika, ukizidisha mwendo. Lau moyo haungeongeza kasi, oksijeni iliyovutwa ingebaki katika vifuko vya mapafu bila ya damu ya kutosha kuichukua.

Wanaopiga mbizi, Pemba na kwengineko, wasivute pumzi nyingi za haraka kabla ya kuzama. Kufanya hivyo hupunguza kabonidayoksaidi pasi na kuongeza oksijeni ya maana, haja ya kupumua ikachelewa, na mtu akaweza kuzimia majini kabla ya kuhisi dhiki yoyote.