Mvua imebadilika, tujifunze kuyashika maji: kwenye bati, shambani na kwenye chemchemi

Ukiishi Mbeya, Iringa au Njombe huhitaji mtu aje kukuelezea mabadiliko ya tabianchi, unayaona mwenyewe shambani na kwenye foleni ya maji. Huku kwetu mvua ni za msimu mmoja tu, Novemba mpaka Aprili au Mei, ukikosea hapo ndo basi mpaka mwakani. Sasa siku hizi inanyesha kidogo mwanzoni, watu wanakimbilia kupanda, afu inakata wiki mbili tatu mahindi yanaungua yakiwa na majani manne, na ikirudi inarudi kwa fujo, inasomba udongo na mbolea yote uliyonunua kwa bei ile, vinaenda mtoni. Sababu yake ni kwamba hewa ikipata joto inabeba mvuke mwingi zaidi, karibu asilimia 7 kwa kila nyuzi 1, kwa hiyo inakaa nao afu inaumwaga kwa mkupuo.

Hatuwezi kuipangia mvua ije lini, lakini kuyashika maji pale yanapoangukia kabla hayajakimbia hiyo tunaiweza, na haihitaji mradi wa mfadhili.

Anza na bati lako. Hesabu ni rahisi: milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Nyumba yenye paa la mita 8 kwa 6 ni mita za mraba 48, ikinyesha milimita 20 (na kwa Mbeya mwezi wa kwanza hiyo ni mvua ya jioni moja tu) unapata lita 960, toa kama asilimia 20 yanayoruka pembeni unabaki na kama lita 768, yaani ndoo 38 za lita 20. Piga hesabu mama anayenunua maji kiangazi analipa shilingi ngapi kwa ndoo 38, utaelewa kwa nini nasema gata, ule mfereji wa kukinga maji ukingoni mwa paa, ni muhimu kuliko seti ya makochi.

Funga gata ikiwa na mteremko kidogo kuelekea kwenye bomba la kushushia. Watu wengi wanaishia hapo, wanapeleka maji moja kwa moja kwenye tenki, na ndo maana yananuka, kwa sababu maji ya kwanza yanaosha paa, yanashuka na vumbi, majani na kinyesi cha ndege. Fanya hivi: kabla bomba halijaingia kwenye tenki weka tii (kiungio cha bomba chenye njia tatu), upande mmoja uende tenki na upande wa chini uendelee na bomba la nchi 4 lililozibwa mwishoni kwa kifuniko cha kufungua. Maji machafu ya mwanzo yanajaa humo, likishajaa ndo maji safi yanapita kwenda kwenye tenki. Mita moja ya bomba hilo inabeba kama lita 8, kwa paa la mita za mraba 48 unahitaji kama lita 24, yaani mita 3, ukuta ukiwa mfupi unganisha dumu lenye mfuniko. Mvua ikiisha fungua umwage, usipomwaga mvua ijayo bomba hilo la maji machafu halifanyi kazi. Tenki lifunikwe lisipate mwanga, weka wavu wa mbu, na ya kunywa chemsha.

Shambani sasa. Kwetu ni milima, na bado naona watu wanalima matuta yanayoshuka na mteremko kwa sababu ni rahisi kwa jembe. Ndugu zangu hiyo ni kuitengenezea mvua barabara. Tuta likate mteremko, na ili ujue mstari sahihi tengeneza fremu ya A: miti miwili ya mita 2 ifungwe juu, mmoja mfupi uwekwe katikati kwa kulala, na kamba yenye jiwe ining'inie kutoka kileleni. Isimamishe, weka alama mti wa kulala pale kamba inapogusa, afu geuza miguu ibadilishane nafasi na uweke alama nyingine, katikati ya alama hizo mbili ndo usawa. Ukitembea nayo kukatiza shamba unasogeza mguu wa mbele juu au chini mpaka kamba iguse ile alama ya kati, unachoma kijiti, unaendelea. Ukimaliza utashangaa mstari unavyopinda, jicho lilikuwa linakudanganya. Chimba mtaro kufuata vijiti, udongo utupe upande wa juu, na juu ya tuta panda majani ya Guatemala, yanashika udongo na ng'ombe anakula.

Kwenye viazi ziba mifereji kati ya matuta kwa vituta vidogo kila baada ya hatua mbili tatu, maji yasimame yazame. Mabua usichome, tandaza. Na mvua ya kwanza isikudanganye, chimba kidogo, kama unyevu haujafika shubiri moja chini subiri. Wamatengo wa Mbinga wamelima kwa ngoro, vile vishimo vya milimani, vizazi na vizazi, ardhi yao bado ipo pale.

Kitu kinachoniuma zaidi ni chemchemi. Watu wamepanda milingoti (mikaratusi) mpaka kwenye jicho la maji kwa sababu mbao ina hela, na Iringa na Njombe vinyungu, yaani bustani za mabondeni za kiangazi, navyo vinasogea mpaka kwenye kingo. Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, ziwa au bwawa. Milingoti ukiikata inachipua tena, kwa hiyo kata kila chipukizi mpaka kisiki kichoke, huku unapanda miti ya asili kama mivengi na mikuyu. Usipalilie pale, acha nyasi. Zungushia uzio ng'ombe wasikanyage jicho, watengenezee sehemu ya kunywea chini zaidi.

Msiseme kila kitu ni tabianchi. Mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kiangazi tangu miaka ya 1990, na sehemu kubwa ni maji yanayochepushwa kwenda mashambani, pamoja na mifugo, kule bonde la Usangu, joto linaongeza tu ukali. Maji hayo hayo ndo yanaenda Mtera na Kidatu kuzalisha umeme, kwa hiyo unayeyaacha maji yapotee juu ya mlima unamgusa mtu asiyekujua.

Chemchemi ya kijiji hailindwi na mtu mmoja, atagombana na jirani mpaka achoke. Peleka hoja kwenye mkutano mkuu wa kijiji, muunde jumuiya ya watumia maji, mtunge sheria ndogo yenye faini. Ofisi za bonde, zinazosimamia maji ya mito na maziwa, zipo karibu: Rufiji iko Iringa, Ziwa Rukwa iko Mbeya mjini, Ziwa Nyasa iko Tukuyu. Waombeni waje waweke bikoni (nguzo za mpaka) kwenye chanzo chenu, na muombe mapema, kabla Novemba haijafika na watu hawajaanza kupanda.