Usukani unacheza au unagonga mkononi? Pima hivi kabla hujanunua spea

Wakuu salama? Ndani ya wiki moja nimeulizwa na watu watatu kitu kilekile: gari ikipita kwenye rasta au barabara ya vumbi, usukani unagonga mkononi ko-ko-ko, fundi kasema raki imekufa (raki ni ile mashine ya chini inayogeuza mzunguko wa usukani kuwa kusukuma tairi kushoto kulia). Kabla hujatoa hela ya raki soma hapa kwanza, mimi nilishaitoa na najua inavyouma.

Toyota IST yangu ilianza hivyohivyo. Gereji niliyoenda wakashika tairi, wakatingisha mara mbili, wakasema raki. Nikanunua ya yuzdi laki tatu na nusu, hela ya ufundi juu yake, natoka tu pale getini ko-ko ileile iko palepale. Jumamosi nikatoa kapeti upande wa dereva nikalala chali miguu iko nje, tochi ya simu kifuani, kijana wa jirani kakaa siti ya abiria kanyoosha mkono anatikisa usukani kidogokidogo kushoto kulia. Pale karibu na pedeli kuna shafti fupi inayotoka kwenye usukani kwenda kwenye raki, ina krosi kama za propela ila ndogo. Nikaibana kwa vidole viwili, chuma cha juu kinasogea, cha chini kinasubiri kwanza ndo kinafuata, na kikifuata unakisikia "tk" kwenye ukucha. Raki ya zamani ilikuwa nzima kabisa.

Sasa twende hatua kwa hatua.

1. Jua kwanza unalalamikia nini

Watu wanachanganya vitu vitatu. Kucheza ni pale unapozungusha usukani kidogo na tairi hazijibu, gari inatangatanga barabarani unairekebisha muda wote. Kugonga ni ile ko-ko kwenye mashimo au "tong" ukikata kona. Kutetemeka kunakuja na spidi, au kunakuja ukishika breki, na kukija kwenye breki tu kaangalie diski kwanza, yawezekana zimepinda. Mpe fundi maelezo ya namna hiyo, ukimwambia tu "usukani mbovu" atabahatisha.

2. Nati na upepo

Najua inaonekana kitu kidogo ila anza hapa. Kaza nati za tairi zote kwa spana, maana nati iliyolegea inagonga na kuyumbisha gari vilevile na inaweza kukuua. Pima upepo, halafu pitisha kiganja kwenye tairi za mbele ndani na nje ukitafuta uvimbe au sehemu iliyolika.

3. Pima plei (mchezo) ya usukani

Gari kwenye sakafu tambarare, tairi zimenyooka, handibreki juu, funguo iwe ON ili usukani usijifunge. Bandika kipande cha selotepu juu ya usukani, weka rula mbele yake, sukuma kwa kidole mpaka uone tairi inaanza kusogea. Kwa Toyota nyingi mwisho unaokubalika ni milimita 30 ukipimia kwenye duara la nje la usukani. Ikizidi, kuna kitu kimelika mahali.

4. Mkono juu ya jointi, yaani maungio (hapa ndo penyewe)

Gari ikiwa bado chini na uzito wake kwenye tairi, mtu mmoja atikise usukani kushoto kulia kwa kifupi, asizungushe mpaka mwisho. Wewe pita jointi moja baada ya nyingine ukiifunika kwa kiganja, nusu ya kiganja upande huu nusu upande ule. Anza na krosi za chini ya dashibodi, njoo kwenye rakendi (jointi ya ncha ya raki), yenyewe utaibana kupitia mpira wake, maliza na tairodi endi, jointi ya mwisho kule kwenye tairi. Jointi nzima inakwenda kama kipande kimoja. Mbovu, upande mmoja unatangulia. Macho yanadanganya hapa kwasababu kila kitu kinatikisika kwa pamoja, vidole havidanganyi. Na kama raki yenyewe inahama mahali ilipofungwa, bushi (mipira) zake za kushikia zimekwisha, usibadilishe raki nzima.

5. Sasa piga jeki

Weka stendi, tafadhali, usiingie mkono wala kichwa kwenye gari iliyoshikwa na jeki peke yake. Shika tairi kushoto na kulia kama mishale ya saa tisa na saa tatu, tingisha. Ikicheza hapo tu, ni tairodi endi au rakendi. Shika juu na chini, ikicheza hapo mshukiwa ni boli joint ya chini (jointi ya duara inayounga tairi na amu ya chini). Ikicheza pande zote, beringi, na mara nyingi ukiizungusha kwa mkono utasikia inakwaruza. Mwambie mwenzio akanyage breki kisha urudie: mchezo ukipotea ni beringi, ukibaki ni boli joint.

6. Linki na bushi

Ile ko-ko-ko ya spidi ndogo kwenye barabara mbovu, mara nyingi sana ni linki za stabilaiza (vijiti vya ile fimbo inayozuia gari kulala kwenye kona), spea ya bei rahisi tu. Zipime tairi zote mbili zikiwa chini, shika linki uitikise kwa nguvu. Bushi za loa amu (mkono wa chini unaoshika tairi) zipime kwa mtaimbo mdogo, ukiona mpira umechanika na amu inakwenda mbele na nyuma, hiyo ndo inakugongea ukishika breki.

MASWALI YA WADAU

Swali: Mkuu, yangu inatetemeka kuanzia 90 hivi, nikipita 110 inatulia. Raki?

Jibu: Hapana mkuu, hiyo ni balansi ya matairi. Kama huamini hamisha za mbele ziende nyuma, mtetemo ukihama mkononi ukaja kwenye siti umeshapata jibu bila kulipa mtu.

Swali: Kaka, nina Noah, nikikata usukani nimesimama inalia "tong" kama springi inaruka.

Jibu: Dada, fungua boneti, weka kiganja juu ya mauntingi ya shokapu (pale juu shokapu inapofungwa kwenye bodi), mtu akate usukani taratibu. Ukihisi inashtuka chini ya kiganja basi beringi ya mauntingi imekwama, springi inajikunja halafu inajiachia. Mwambie fundi mauntingi, usikubali shokapu nzima kama haivuji.

Swali: Nimebadilisha tairodi endi zote mbili, kugonga kumeisha ila sasa usukani umekaa upande.

Jibu: Hukufanya alaimenti (kunyoosha tairi kwa mashine), kafanye leo maana tairi zitaliwa upande mmoja haraka sana. Siku nyingine hesabu mizunguko wakati wa kufungua ya zamani, itakusaidia kufika kwa mtu wa alaimenti bila gari kuvuta sana.

Swali: Fundi anasema tusibadilishe kitu, anakaza tu ile nati ya kurekebishia kwenye raki.

Jibu: Kama hajapima jointi, mkatalie. Ukiikaza kupita kiasi usukani unakuwa mzito na baada ya kona haurudi wenyewe, unatoka kwenye tatizo la kelele unaingia kwenye hatari.

Swali: Boli joint yangu ina plei kidogo, nataka kwenda Mbeya Ijumaa na familia, nikirudi ndo nibadilishe.

Jibu: Ndugu yangu, usiende nayo. Boli joint ikichomoka tairi inajilaza upande na usukani hauna kazi tena, na wewe utakuwa kwenye kona za Kitonga na watoto nyuma. Ifunge mpya Alhamisi, hakikisha nati yake imewekwa pini mpya, ndo muondoke.