Somo: Kutengeneza picha ya mtafakari aliyevikwa dhahabu

Wanachama kadhaa wa kikundi chetu cha uchoraji hapa Kisumu wameomba maelezo ya picha inayounganisha mapambo ya kifahari na utulivu wa mtu aliyeketi katika kutafakari. Wengi hudhani mambo hayo mawili hayakai pamoja, kwamba dhahabu huita macho na kutafakari huyafumba. Mimi naamini hukaa pamoja vizuri sana, mradi kila pambo liuelekeze mtazamo usoni kisha liuache hapo. Njia nitakayoieleza inatokana na picha za Thanjavur, kusini mwa India, ambazo huchorwa juu ya ubao, zikainuliwa kwa chokaa na gundi, zikatiwa vito vya kioo na kufunikwa kwa dhahabu.

Hatua ya kwanza: Amua mtafakari wako ni nani

Usishike penseli kabla ya kulijibu swali hili. Buddha huonyeshwa mara nyingi akiwa na joho tupu bila kito chochote, kwa kuwa alizaliwa mwana wa mfalme akaviacha vyote. Ndewe zake ndefu hufafanuliwa kuwa alama ya hereni nzito alizozivaa kabla ya kuondoka katika jumba la baba yake. Aliyewahi kuketi na wazee wa Kinandi waliotoga na kuvuta masikio yao zamani anajua jinsi ndewe inavyobaki na umbo lake hata pambo likiisha kutolewa. Bodisatva wa dini ya Buddha, kwa upande wake, ni yule aliyebaki duniani ili awasaidie wengine, na wachongaji wa Gandhara, eneo ambalo leo limo katika Pakistani na Afghanistani, walimvika taji, mikufu na vikuku kama mwana wa mfalme.

Wajaini, wafuasi wa dini nyingine ya kale ya India, nao wana mapokeo mawili yanayotufaa sana. Sanamu za Wadigambara huwa tupu na macho yameinama, ilhali zile za Washvetambara hutiwa macho ya kioo na kuvikwa dhahabu na fedha, ingawa zote mbili zimeketi katika kutafakari kulekule. Kwa hiyo una uhuru wa kweli wa kuchagua. Katika somo hili tunamchora mwanamke aliyepambwa.

Hatua ya pili: Ubao

Mafundi wa zamani wa Thanjavur walipenda mbao za mfenesi. Kwetu plaiwudi ya milimita 12 inatosha, yenye upana wa sentimita 45 na urefu wa sentimita 60. Ubandike juu yake kitambaa cha marekani kwa gundi nyeupe ya mbao, ukikinyoosha usiache povu hata moja, kisha uuache ukauke usiku kucha.

Changanya gundi na maji kwa kiasi sawa, utie unga wa chaki kidogo kidogo hadi upate uzito wa uji mwepesi. Paka matabaka manne au matano membamba, kila moja likipita njia tofauti na lililotangulia, na usipake jipya kabla ya la chini kukauka. Katika miezi ya masika, mvua ya alasiri inapoleta unyevu kutoka ziwani, subira hiyo huwa ndefu zaidi. Mwishoni piga msasa laini mpaka ubao uwe mwororo.

Hatua ya tatu: Mchoro wa utulivu

Hapa ndipo kazi nzima inaposimama au kuanguka, na ningependa mtumie muda mwingi hapa kuliko penginepo. Chora mstari wa wima katikati ya ubao, upite kati ya nyusi, ncha ya pua, kitovu na mahali viganja vinapokutana. Utosi na magoti mawili yafanye pembetatu yenye kitako kipana, kwa sababu jicho hutulia linapoona kitu ambacho hakiwezi kupinduka. Mikono ilale mapajani, viganja vikitazama juu, wa kulia ukiwa juu ya wa kushoto. Mabega yashuke. Kope za juu zifunike zaidi ya nusu ya jicho, na mdomo ufungwe bila kubanwa. Tabasamu likionekana waziwazi, limezidi.

Kisha ufanye jaribio hili: tazama mchoro huo mtupu, bila mkufu wala taji. Ikiwa hautulii sasa, dhahabu haitautuliza.

Hatua ya nne: Kuinua mapambo

Tengeneza mchanganyiko mzito zaidi wa chaki na gundi, ukipunguza maji, kwa sababu maji mengi huleta nyufa unapokauka. Uutie katika koni ya plastiki, ileile wanayoitumia wapaka hina wa maharusi, na uchore kwa kuuminya: taji, mikufu mitatu, vikuku, ukanda, na ua la yungiyungi analokalia. Vito vya kioo na shanga vizamishwe wakati mchanganyiko bado ni mbichi. Uso, shingo na viganja viachwe bapa kabisa.

Hatua ya tano: Dhahabu, kisha rangi

Paka sehemu zilizoinuliwa rangi nyekundu ya udongo, ambayo huipa dhahabu joto inapochungulia chini yake. Ikikauka, paka gundi ya kubandikia dhahabu na ungoje hadi ishike kidole bila kukilowesha. Funga madirisha na uzime feni, kwa maana karatasi halisi ya dhahabu ina unene wa takriban milimita 0.0001 na hupeperushwa hata na pumzi. Iweke, uikandamize kwa brashi laini, na upanguse mabaki.

Rangi huja mwisho: ngozi ya kahawia, nguo ya rangi moja tu, na usuli wa buluu inayokaribia weusi.

Maswali ya wanachama

Swali kutoka Kakamega: Mwalimu, kwa nini tusiufunike uso pia kwa dhahabu, ikiwa ndiyo sehemu tukufu kuliko zote?

Jibu: Dada yangu, sanamu nyingi za Thailand zimefunikwa mwili mzima, nazo ni nzuri. Lakini fikiria sanamu ya Buddha wa Mahamuni kule Mandalay, Myanmar. Waumini wamembandika dhahabu kwa miaka mingi hadi mwili wake umevimba na kupoteza umbo, ila uso haubandikwi, bali huoshwa kila alfajiri. Mapambo yameachwa yakue bila kikomo, na bado kila aingiaye anaujua uso ule. Picha yetu inafuata mpango huohuo.

Swali kutoka Nakuru: Mimi ni Mwislamu, na nisingependa kuning'iniza sura ya mtu nyumbani. Je, somo hili linanifaa?

Jibu: Linakufaa, ndugu yangu. Ondoa umbo la mtu, ubaki na mstari wa katikati, na ujenge juu yake nyota na mafundo ya kijiometri yanayojirudia. Dhahabu iwe pembezoni na uwazi mtupu uwe katikati, mahali ambapo uso ungekaa. Ubao, chaki na koni havibadiliki.

Swali kutoka Bungoma: Dhahabu halisi ni ghali. Je, ile ya bei nafuu itadumu?

Jibu: Karatasi za bei nafuu ni mchanganyiko wa shaba na zinki. Zinang'aa vizuri mwanzoni, lakini hewa na unyevu huzifanya ziwe nyeusi au za kijani, kwa hiyo zifunike kwa vanishi mara gundi inapokauka, pamoja na kingo zake zote. Mgongo wa ubao nao upakwe rangi ya mafuta ili kuzuia unyevu, na picha isiegemezwe sakafuni ambako mchwa huanzia.