SOMO: Programu ya bei poa ya kumsaidia mpima ardhi (si ya kumfundisha kazi)

Wakuu, inboksi imejaa swali lilelile: "Ile programu ya hesabu za trevasi uliitengenezaje?" (Trevasi ni mistari inayoungana ambayo mpima huipima urefu na pembe, alama hadi alama.) Naandika mara moja. Ukiuliza tena nakurudisha hapa.

1. Kaa na mpima siku nzima. Nenda naye saiti, ubebe hata bikoni (alama za mipaka ya kiwanja).

2. Chagua kazi moja inayomchosha. Kwa mzee wangu, yaani mpima niliyekaa naye, zilikuwa hesabu za trevasi za jioni.

3. Programu itumie laptopu aliyonayo, bila intaneti. Python (lugha ya kuandikia programu) na SQLite (ya kuhifadhia data) ni bure, na data zote zinakaa kwenye faili moja, anainakili kwenye flashi.

4. Hapa ndipo nilipochemka. Trevasi ikirudi ilikoanzia haifungi sawasawa, hubaki tofauti ndogo, na kanuni ya Bowditch huigawa kwa kila mstari kulingana na urefu wake. Nikajitia kumrahisishia: programu ikawa inagawa yenyewe kimyakimya. Siku moja mzee akaingiza 78.52 badala ya 87.52. Mita 9 zikasambazwa kwenye bikoni zote sita, karatasi ikatoka inapendeza! Aliyeshtuka ni yeye: "Huu upande nimeutembea, haukuwa mfupi hivi."
ONYO: onyesha kosa la kufunga kwanza, kwa maandishi makubwa, kisha subiri aamue yeye. ONYO la pili: alichosoma saiti hakifutwi. Marekebisho yakae safu ya pembeni.

5. Karatasi itoke A4, nyeusi na nyeupe.

MASWALI

Mdau: Mkuu maelezo marefu, nitumie programu tu.
Mimi: Zile mita 9 zilitokana na haraka kama hiyo. Soma namba 4.

Mdau: Kwa nini usiweke kikomo, kosa likizidi programu igome?
Mimi: Swali zuri. Niliweka, mzee akaniomba nikitoe. Kuna wakati anataka makusudi kuona hesabu mbovu, ajue kosa limeingilia mstari upi. Ikimgomea anarudi kwenye kikokotoo chake na mimi nimepoteza mteja. Sasa inaonya, inaendelea, na onyo linachapwa juu ya karatasi ili asiyekuwepo naye alione.

Mdau: Nimeweka koodineti za ramani ya zamani juu ya picha ya setilaiti, kiwanja kimehama kama mita 300. Programu yako mbovu.
Mimi: Programu haijagusa kitu hapo. Ramani yako ni ya Arc 1960, picha ni WGS 84, mifumo miwili tofauti ya koodineti. Kwenye QGIS (programu ya ramani) ipe ramani namba ya mfumo wake, 21037.
Mdau: Bado iko mbali, tena mbali zaidi.
Mimi: Uko mkoa gani?
Mdau: Dodoma.
Mimi: Ungesema mapema. Koodineti hizi zimegawanywa kwa kanda, na tarakimu mbili za mwisho za namba ndiyo kanda: Dodoma mjini ni kanda ya 36, weka 21036. Hiyo 37 ni ya Dar na Morogoro.

Mdau: Duh. Mimi niko Mwanza na natumia 37 mwezi wa pili huu.
Mimi: Pole. Njoo inboksi.